Pale Kitabu Kinapofunguka Chenyewe

9 Februari

Mdogo wangu Kupe,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na nyumba ni nzima isipokuwa paa la jikoni, ambalo linavuja pale pale ulipoliziba wewe ukajisifu hadi jioni. Nimeweka ndoo chini ya ufundi wako. Mwanangu ameandika kutoka huko aliko, anasema mtoto wake ameanza kutembea na anaangusha kila anachokigusa. Nikamjibu kwamba hiyo ni damu yako. Yule kuku wangu mweupe amekufa. Hakuumwa, amekufa tu, kistaarabu, akiwa amekaa.

Ninakuandikia kwa sababu kwenye simu wewe huniuliza habari za mvua, nami hukujibu habari za mvua, kisha tunakata. Leo nina neno refu kuliko mvua.

Utapokea kifurushi. Ndani yake, kwenye mfuko wa unga niliouosha, ni Biblia ya Baba. Usishtuke. Mchwa waliingia sandukuni wakala jalada lote, wakala na pembe za juu za karatasi, kisha wakaacha. Sijui walifika kwenye neno gani likawashibisha. Nilipoiinua, nyuzi zikakatika na karatasi zikamwagika sakafuni chumba kizima. Nimeziokota kwa magoti. Nimezipanga nilivyoweza, yaani sikuzipanga.

Wewe ndiye fundi wa kujalidi vitabu katika ukoo huu, na bahati mbaya hakuna mwingine wa kukushindanisha naye. Nishonee. Nataka kuisoma yote, mwanzo hadi mwisho, kabla mwaka haujaisha. Maisha yangu yote nimeisoma kwa kudokoa, kama mpishi anayeonja mchuzi. Sasa nataka kukaa mezani. Kwa nini mwaka huu? Daktari wa macho ana maneno mengi, nitakueleza siku nyingine.

Sikuulizi kama bado unasali. Nimesema sikuulizi.

Dada yako


3 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kuku. Alikuwa na tabia nzuri kuliko watu wengi niliosoma nao.

Mimi ni mzima. Chumba changu bado kiko juu ya karakana, na dirisha bado linatazama ukuta, ila mwaka huu wameupaka rangi, kwa hiyo nina mandhari mpya. Tangu wifi yako atutoke, miaka sita sasa, sahani ni moja na kijiko ni kimoja. Faida yake ni kwamba vyombo havinishindi.

Huu ni msimu wa wanafunzi wa chuo. Kila mmoja analeta tasnifu yake siku ya mwisho, anataka jalada gumu lenye jina la dhahabu kabla ya saa kumi, na analia. Nadhani wanalia mbele yangu kuliko mbele ya wachungaji wao. Juzi mmoja nilimpa kitambaa afute machozi, kumbe ni kile cha gundi. Ameondoka na shahada na nyusi zimegandana.

Kifurushi kimefika. Dada, nimeshona vitabu miaka thelathini na saba, sijawahi kuona uokotaji kama wako. Musa amelala katikati ya mitume. Ufunuo umeingia ndani ya Samweli, na Samweli mwenyewe bado ni mtoto. Na hao mchwa wamekula nambari za kurasa zote, moja baada ya nyingine, kama waliotumwa.

Sasa nikuambie siri ya kazi yangu, usiipeleke mbali. Fundi wa vitabu hahitaji kusoma. Nimejalidi vitabu vya sheria, vya magonjwa ya ng'ombe na vya nyota. Sijui sheria, sijui ng'ombe, na nyota nazitazama kwa mashaka. Mimi hutazama nambari, hupanga, hushona. Lakini nambari zikiwa zimeliwa, na zile za sura zikijirudia katika kila kitabu, njia ya kujua karatasi ipi inafuata ipi ni moja tu: usome maneno ya mwisho chini ya hii, kisha utafute karatasi inayoyamalizia. Karatasi mia tano na kitu. Nimekaa nikizitazama kama mtu aliyekutana njiani na rafiki aliyekuwa akimkwepa.

Umesema huniulizi. Basi kwa kuwa hukuuliza: sikugombana na Mungu. Tuliacha tu kusalimiana, kama majirani wa ghorofa moja. Siku ya kwanza una haraka, siku ya pili unaona aibu ya jana, na mwaka wa tatu unasubiri apite ngazini ndipo ufungue mlango.

Nitaifanya kazi. Usinihesabie siku.

Kupe


28 Machi

Kupe,

Mimi ni mzima. Mtoto wa mwanangu ameangusha runinga.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa dirishani. Imenichekesha yote isipokuwa sahani. Nunua sahani ya pili. Sahani haiulizi ni ya nani.

Sasa yale maneno ya daktari. Anasema ndani ya jicho, kule nyuma, kuna kitu kama pazia, nalo limechakaa kama kitambaa kilichofuliwa sana. Nikamwambia mimi ni mshonaji, anionyeshe palipochanika. Akasema hapashoneki. Kila ninachokitazama, katikati yake pana wingu. Kando kando naona vizuri. Ukija leo nitayaona masikio yako, na kwa ukubwa wake hayo yatatosha kukutambua.

Nimeacha kushona sare za shule. Mara ya mwisho nilitoa shati lenye mikono miwili ya kushoto, na mwenye shati alikuwa mpole mno, alilivaa. Sindano ananitungia uzi mama wa mlango wa pili, ambaye huzungumza wakati wote anapotunga, kwa hiyo napata uzi na habari za mtaa kwa pamoja.

Daktari ananipa hadi mwisho wa mwaka kwa herufi ndogo, baada ya hapo hasemi. Nimepiga hesabu. Ukinipatia kitabu mwezi wa tisa, nikisoma sura kumi kwa siku, nitamaliza kabla mwaka haujafunga. Kwa hiyo fanya haraka, ila kwa upole. Baba aliishika Biblia hiyo kwa mikono miwili.

Umefika wapi?

Dada


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, na sina kisingizio. Barua yako ilikaa mezani. Nikaifunika na gazeti, nikaifunua, nikaifunika tena. Kile kipande cha masikio nimekisoma nikiwa nimesimama mbele ya kioo, na sikubaliani nacho.

Sahani ya pili nimenunua. Imekaa kabatini. Kila nikifungua inanitazama.

Nikueleze ninavyofanya kazi yako, usidhani nimelala. Nimefunga kamba nne kutoka ukuta hadi ukuta chumbani, nikaanika karatasi kwa vibanio vya nguo. Manabii wako upande wa kitanda. Nyaraka za Paulo ziko juu ya meza ya chakula, na namwomba radhi kila jioni ninapompitishia kikombe. Nikifungua dirisha wote wanapepea kwa pamoja, na inakuwa kama chumba kina watu.

Maneno ya chini yangetosha, kama nilivyokuambia. Mwezi wa kwanza wa kazi nilisoma ya chini tu. Kisha nikajikuta naanza juu. Kwa Ayubu nilikaa siku nne. Unakumbuka wale rafiki zake waliokuja kumpa pole, wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno? Tumezoea kuwalaumu kwa sababu ya maneno waliyoyasema baadaye. Lakini mimi nilipofiwa, waumini walikuja siku tatu, wakazungumza zote tatu, kisha sikuwaona tena. Ningewapokea hao wa Ayubu kwa zile saba za kwanza, hata kama sina mahali pa kuwaketisha.

Nimemaliza kupanga. Mwanzo iko mwanzo na Ufunuo uko mwisho, Samweli amepumua.

Ila kuna jambo moja. Karatasi moja haipo. Ni mwisho wa Luka, sura ile ya mwisho yote. Labda mchwa. Labda iliteleza chini ya kabati zilipomwagika. Naomba uangalie. Siwezi kushona pakiwa na pengo: karatasi hushonwa kwa mafungu, na moja ikikosekana, ile mwenzake iliyo upande wa pili wa uzi hulegea, mwisho nayo hutoka.

Huku mvua imenyesha.

Kupe


20 Juni

Kupe,

Nimeangalia chini ya kabati. Nilipiga magoti vizuri, kuinuka ndiko kulikonichukua asubuhi. Nimekuta kifungo cha koti na kitana.

Mchwa hula pembe. Hawaingii katikati ya kitabu wakachagua sura moja, wakaimaliza, wakawaacha majirani zake bila alama ya jino.

Huku nako mvua imenyesha.

Dada

Ukiona mistari inapanda, meza yangu iko sawa.


14 Agosti

Dada,

Leo naanza na neno lenyewe, salamu zitafuata, kwa sababu nikianza na salamu najijua, nitaishia humo.

Ni mimi niliyeichana. Unajua. Lakini sijawahi kukuambia, na kuna tofauti.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kwa fundi seremala nilikuwa nimepata tumbaku ya kutosha sigara moja, na sikuwa na karatasi. Karatasi ya Biblia ni nyembamba, kila mvulana wa mtaa alikuwa analijua hilo. Sikuchagua sura. Nilifungua, nikachana, nikaenda nyuma ya ghala. Nilikohoa hadi nikatapika, na sijavuta tena hadi leo. Kwa hiyo hata dhambi yenyewe sikuifaidi.

Kisha ikafika ile jioni. Unakumbuka tulivyokuwa, kila mmoja na zamu yake ya kusoma, na Baba akifuatisha kwa kidole. Tukafika mwisho wa Luka. Kidole kikashuka, kikasimama, kikarudi juu. "Nani?" akauliza. Juu ya kabati ilikuwapo barua ya kunipeleka kujifunza kazi kwenye karakana ya vitabu ya misheni, inasubiri saini yake, na tulijua wote wawili kwamba hataisaini kwa mtoto aliyechana Biblia. Ukasema, "Ni mimi, Baba. Niliimwagia mafuta ya taa, nikaogopa, nikaichoma." Hukunitazama. Mimi nilitazama taa.

Akakunyang'anya zamu yako akanipa mimi. Miezi minane nilisoma mara mbili kila jioni, zamu yangu na yako. Kisha nikaja huku kuwa fundi, wewe ukabaki na cherehani.

Baada ya hapo, kila nilipokifungua kitabu hicho nilisikia sauti yangu ya wakati ule. Ilikuwa sauti nzuri, yenye vituo mahali pake. Ya mwizi. Nikaona afadhali kisifunguliwe. Wifi yako nilimwambia mengi, hili sikumwambia. Alipougua akaniomba nimsomee kidogo, nikamwambia miwani imepotea. Ilikuwa mfukoni mwangu. Nadhani aliiona.

Nisamehe, dada. Nimetafuta neno kubwa kuliko hilo, sikulipata, na nimezungukwa na karatasi mia tano za maneno.

Sasa kazi. Pengo lazima lizibwe, na kwa maneno yale yale ya chapa ya zamani. Madukani ziko mpya tu. Kanisa la mwisho wa mtaa wetu lina moja ya chapa ya Baba, juu ya meza ya kusomea. Nilikwenda siku ya Alhamisi. Mama mwenye funguo alikuwa anasugua viti kwa nta.

"Mchungaji hayupo," akaniambia kabla sijafunga mlango.

"Simtaki mchungaji, mama. Naitaka Biblia."

"Ziko dukani."

"Nataka ile pale. Niazime siku mbili tu."

"Ile haitoki. Ilitoka mara moja, ikarudi na mchuzi." Akanitazama mikono. "Na hiyo ni nini?"

"Gundi. Mimi ni fundi wa vitabu."

"Umekaa mtaa huu muda gani?"

"Miaka ishirini na miwili."

"Na leo ndiyo umeuona mlango." Akanionyesha bomba kwa kitambaa chake. "Kanawe. Ukirudi ukae pale, unakili. Alhamisi tu, ninaposugua. Nikimaliza kusugua, umemaliza kunakili."

Kanisa lina viti kumi na vinane na mama huyo ana mikono ya mwanamieleka. Alhamisi ya kwanza nilipata mistari sita. Naandika kwa herufi kubwa. Utaona kwa nini.

Salamu: mimi ni mzima. Wewe je, dada? Nijibu kweli.

Kupe


3 Septemba

Kwa Kupe,

Barua hii inaandikwa na mimi, mama wa mlango wa pili. Dada yako anasema, mimi naandika, na akijisahau nitaongeza ya kwangu. Kwanza ujue barua yako nilimsomea mimi, kwa hiyo nimejua yote, utanisamehe. Pale kwenye miwani tulisimama kidogo tukanywa maji.

Dada yako anasema:

Kupe, nimesikia. Nilikusamehe zamani, ila sikufanya haraka. Nilikasirika miaka mitatu hivi. Nilikuwa napenda kusoma, mdogo wangu. Nilikuwa nasoma kuliko wewe. Wewe ulikuwa na vituo, mimi nilikuwa naelewa. Na zamu yangu haikurudi. Ulipoondoka Baba akaanza kuumwa koo, kusoma kwa jioni kukaisha, na kila mtu akawa anasoma kimya peke yake. Tangu hapo sijamsomea mtu.

Jingine sikulisema kwa sababu lilikuwa lako kulianza. Baba alijua. Ulitafuna karafuu nusu mfuko ukadhani umejificha. Ulinuka kama duka la tumbaku lililofunguliwa ndani ya duka la viungo. Na mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha tangu Jumatatu, aliyekwenda kuyanunua jioni ile ile alikuwa yeye mwenyewe. Aliniita nje akaniuliza, "Una hakika ni wewe?" Nikasema nina hakika. Kisha akasema, "Basi nitampa zamu yako. Atasoma mpaka achoke kunyamaza." Barua yako aliisaini wiki ile ile, akijua.

Miezi minane alikungoja, Kupe. Kila jioni ukimaliza alikuwa anakawia kufunga kitabu, hukuona? Siku uliyoondoka alisimama mlangoni mpaka nikamwambia chai inapoa. Akasema, "Mwanangu ana pumzi ndefu." Hakusema kwa ubaya.

Ndiyo maana hakutafuta karatasi nyingine wala kununua Biblia nyingine. Aliliacha pengo lako.

(Hapa amekwenda kutazama jiko ambalo halina kitu. Naongeza yangu. Jicho la kulia halioni herufi tena. La kushoto linaona kubwa tu, za kwenye mabango. Anakaa mchana kutwa mlangoni akisikiliza nani anapita, na mimi nina watoto wanne, siwezi kukaa naye ninavyotaka. Amenikataza kuandika haya. Basi nimeandika. Fanya haraka, baba.)

Anarudi. Anasema: mwambie mwezi wa tisa umefika.

Dada yako, na mwandishi wake


6 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Mama wa mlango wa pili, salamu, na asante kwa kutokusikia ulichokatazwa.

Baada ya barua yenu sikufanya kazi siku mbili. Mwanafunzi mmoja alikuja na tasnifu akanikuta nimekaa tu, akavuta kiti, akaketi karibu yangu. Safari hii yeye ndiye aliyenipa kitambaa. Kilikuwa kisafi. Hakuuliza neno.

Nafikiria kidole cha Baba kikikawia juu ya kitabu. Nilidhani anasinzia.

Kitabu kimekwisha, ninakituma pamoja na barua hii. Jalada ni la ngozi ya kahawia, uzi ni wa kitani nilioupaka nta mwenyewe. Mgongo nimeuacha laini ili kisipigane nawe. Pembe zilizoliwa sikuziziba. Ni historia yake.

Sasa kuhusu karatasi yangu. Imenichukua Alhamisi nane. Ilikuwa iwe saba, lakini nilikosea kosa ambalo nikuambie ucheke. Unaijua sura: kaburi la Yesu limekutwa tupu, na jioni ile wafuasi wake wawili wanatembea kutoka mjini, wana huzuni, mgeni anaungana nao njiani, wanatembea naye, anawafafanulia maandiko, na hawamtambui kwamba ni yeye. Mmoja ametajwa jina, mwingine hakutajwa. Nadhani huyo asiyetajwa alikuwa fundi fulani. Basi wanafika kijijini, mgeni anataka kuendelea na safari. Na mimi jicho likaruka mstari. Niliporudia kusoma nikaona nimeiacha ile sentensi wanayomsihi akae nao kwa kuwa jua linakwenda kutua. Kwenye nakala yangu hawakumkaribisha, dada. Walimwacha aende zake, wakaingia wawili, na ule mkate uliowafumbua macho haukumegwa.

Nilikaa nikaitazama karatasi hiyo. Miaka sita mlangoni kwangu hajaingia mtu asiye na tasnifu.

Nikaichana, kwa ruhusa safari hii, nikaandika upya. Alhamisi ya mwisho nilipofika nukta ya mwisho, mama mwenye funguo akaniambia, "Soma tusikie kama umenakili au umetunga." Nikasoma. Akaacha kusugua. Nilipomaliza akasema, "Una vituo vizuri," nami nikaona aibu, akadhani ni unyenyekevu. Jumapili nilikwenda nikakaa kiti cha nyuma, kile ninachokijua harufu yake ya nta. Na nyumbani niliitoa sahani ya pili nikaiweka mezani, nikavaa miwani, nikamsomea wifi yako sura nzima. Nimemchelewesha sana.

Nimeomba pia. Ombi fupi, halikuwa na mpangilio. Nadhani nilichosema ni hodi. Sikusikia karibu kwa masikio haya uliyoyatukana, lakini hakuna aliyesema hayupo.

Neno la fundi kabla sijafunga. Kwa herufi hizo kubwa, karatasi moja imekuwa tisa, tena nene. Nimezishona mahali pake, kitabu kimevimba pale. Ukikiweka mezani kitafunguka chenyewe hapo, kila mara. Kwenye kazi yetu hilo ni kosa, mwalimu wangu angenichapa. Nimeliacha.

Najua sikuiwahi Septemba yako. Najua sura kumi kwa siku hazipo tena. Sijui niseme nini juu ya hilo. Msimu wa wanafunzi ukipungua nitaangalia kama naweza kuja.

Kupe


2 Novemba

Kupe,

Naandika mwenyewe, kwa kalamu nene ya kuandikia masanduku. Kwa hiyo maneno machache.

Kimefika. Kinanuka wewe.

Nilijaribu Mwanzo. Ni mchwa watupu, wanatembea. Nikajaribu Zaburi, mchwa. Nililia kidogo, nikakiweka mezani.

Kikafunguka chenyewe, kama ulivyosema. Na pale herufi zilisimama.

Karatasi mia tano na kitu, Kupe, na ninazoweza kusoma ni zile tisa. Mahali ulipochana.

Jana jioni nilimketisha mama wa mlango wa pili na watoto wake wanne, nikasoma kwa sauti. Nilikwama mara mbili. Gundi yako imemeza herufi. Pale wanapomsihi mgeni akae, nilisoma polepole. Nilifika mwisho. Nikakawia kufunga.

Nimeipata zamu yangu. Miaka thelathini na minane.

Baada ya Luka ni Yohana, na ana herufi ndogo. Usininakilie. Hiyo ni zamu yako. Njoo na miwani, hata ikiwa mfukoni. Paa nalo linakungoja.

Wanafunzi watalia kwa mwingine.

Kitabu kiko mezani, wazi. Sitageuza karatasi mpaka uingie.

Dada